Jela ya Nzi

Kijijini kwetu bado wapo wanaosema kwamba Bibi Shamba alikuwa anafuga nzi. Wanayasema hayo kisimani, wanayasema wakisubiri zamu mashineni, na juzi Jumapili nimeyasikia nje ya kanisa, kutoka kwa mtu mzima aliyevaa suti. Nimenyamaza miaka mingi kwa sababu yangu, ambayo nitaieleza hapa hapa bila kujificha. Sasa nimechoka. Bibi Shamba hakufuga nzi. Alifuga adui wa nzi, na waliomuua adui huyo ni sisi, na mmoja wetu ni mimi.

Jina lake sitaliandika, kwa kuwa hata sisi hatukulitumia. Alikuja kwetu kama afisa ugani, na afisa ugani mwanamke kwetu anaitwa Bibi Shamba, yamekwisha. Serikali ilipomstaafisha akaletwa kijana mwenye pikipiki, lakini yule tulimwita Afisa tu. Cheo cha Bibi Shamba kiliondoka ofisini pamoja na mwenyewe, kikahamia nyumbani kwake, nyumba ya bati yenye miembe minne na mipera kumi na kitu nyuma yake, mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu kutoka stesheni ya Gulwe. Alikuwa mtu wa Kondoa, Mwislamu wa swala tano katikati yetu sisi Wagogo wa kwaya. Kigogo chake kilikuwa kibovu na wala hakikumsumbua. Alikurushia salamu ya "mbukwa" akiwa bado ng'ambo ya korongo, kisha akikufikia anaendelea na Kiswahili chake cha semina, na wewe utaelewa unavyoelewa.

Hakuwa mtu rahisi kukaa naye. Nalisema mapema kwa sababu watu wakifa tunawapaka sukari, na yeye angenikasirikia. Alivaa kofia ya pama juu ya ushungi, na mabuti ya mvua miguuni hata mwezi wa Septemba, ambao kwetu hata umande hakuna. Mfukoni alikuwa na wembe uliofungwa kwenye kipande cha kalenda, na shingoni, kwa kamba ya kiatu, alining'iniza kioo cha kukuzia vitu kama wenzetu wanavyovaa msalaba. Akikukuta na tunda haombi. Analichukua, analipasua, analichungulia, na akiona funza anafurahi mbele yako huku chakula chako kimekwisha kuharibika. Kwenye harusi ya mpwa wa mwenyekiti wa kijiji aliinuka kutoka meza ya wazee, akaenda meza ya maharusi, akatwaa embe lililopambwa, akalipasua mbele ya bibi harusi, akawahamishia funza kwenye karatasi laini na kuwatia mkobani. Kisha akarudi kula pilau. Mwenyekiti hakumsamehe, na nadhani mengine yaliyofuata yalianzia pale.

Mimi alinipata kwa njia hiyo hiyo. Miaka hiyo nilikuwa nauza mapera stesheni ya Gulwe kwa beseni, treni ya zamani inaposimama na abiria kutoa mikono madirishani. Siku moja abiria alimega pera langu, akalitazama, akasema kwa sauti kwamba yeye ameomba tunda, hakuomba nyama. Behewa zima likacheka. Akanirushia lile pera, likanipiga kifuani juu ya kanga yangu ya Krismasi. Wauzaji wenzangu nao walicheka, ingawa mabeseni yao yalikuwa na nyama hiyo hiyo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Bibi Shamba alikuwa pale akisubiri mzigo. Aliliokota lile pera, akalipangusa vumbi, akalipasua, akalitazama kwa kioo chake bila haraka yoyote. Ndipo akasogea dirishani akamwambia yule abiria kwa upole kabisa, "Nyama yako nimeichukua, baba. Ahsante." Treni ikaondoka, na wote walionunua kwangu wakawa wanayatupa mapera yangu nje ya madirisha, moja hapa, moja kule, mpaka lilipopotelea kwenye kona behewa la mwisho. Mimi nilikuwa nalia. Yeye aliniuliza mti wangu uko wapi.

Ninayo mipera mitatu. Alikuja akaizunguka, akaokota yaliyodondoka, akawatoa funza na kuwatia kwenye chupa ya jamu yenye mchanga, akaniachia ile chupa mezani na amri ya kuisubiri. Wale funza walijichimbia mchangani wakajifungia kila mmoja ndani ya ganda lake, dogo la kahawia, kama punje ya mchele iliyoungua. Zikapita siku. Kwenye baadhi ya maganda akatoka nzi, nzi wa matunda mwenye kiuno chembamba na rangi ya chai, niliyemjua vizuri. Kwenye ganda moja akatoka kitu kingine. Kilikuwa kidogo kuliko mbu, chekundu chekundu, na nyuma kilikuwa na mkia mwembamba kama unywele.

"Huyu ni nyigu," aliniambia. "Hamuumi mtu, wala hana habari na wewe. Ndiye askari wako, na kila msimu unampulizia dawa usoni."

Alinieleza mpaka nikaelewa, na nimewaeleza wengi tangu hapo ingawa wanaosikiliza ni wachache. Nzi akishataga ndani ya pera, nyigu huyu anakuja nyuma yake, anatua pale pale, anapenyeza ule mkia ndani ya ganda la tunda na kulitafuta yai la nzi. Akilipata anataga la kwake humo humo. Funza wa nzi anazaliwa, anakula, ananenepa, hajui kwamba amebeba mgeni. Akishajifungia mchangani, mgeni anamla mwenyeji kwa ndani, na anayetoka mwisho ni nyigu. Basi kwa macho huwezi kujua. Ukishika pera bovu, kilichomo kinaweza kuwa nzi wa kesho au adui wa nzi. Bibi Shamba alikuwa akisema kwamba kila tunda bovu ni mahabusu, kesi yake haijaamuliwa.

Ndiyo maana alichukia kufukia. Kijana Afisa alipita nyumba kwa nyumba akitufundisha tuchimbe shimo refu na kufukia matunda yote yaliyodondoka, na si kwamba alikosea, kwa kuwa ukifukia unapunguza nzi kweli. Bibi Shamba hakubishana naye hadharani. Alimwambia tu kwamba ukifukia wahalifu, umefukia na askari waliokuwa wamewakamata. Yeye alijenga kibanda cha mbao, kirefu mpaka kiunoni, akakifunika pande zote kwa wavu alioutafuta Dodoma mjini kwa kupima tundu kwa tundu. Nzi mzima hapiti kwenye tundu lile. Nyigu, kwa wembamba wake, anapita. Humo alimwaga matunda mabovu ya kwake na ya kwetu, akangoja. Nzi wakizaliwa wanaona mwanga, wanaona mipera, wanafia ndani. Nyigu wakizaliwa wanatoka zao kwenda kazini. Sisi tulikiita jela, kwa kejeli, na jina alilipenda akalichukua.

Jela ilinuka. Sitadanganya. Upepo ukigeuka, harufu ya mapera yaliyooza ilifika mpaka shuleni, na mawingu ya nzi waliofungwa yalivuma ndani ya wavu mchana kutwa. Mtu asiyeelewa akipita pale anaona mama mzee anamwaga uozo kwenye sanduku lililojaa nzi, tena anachungulia na kutabasamu. Maneno yakaanza hapo. Wengine walisema nzi, wengine walisema mambo mengine ambayo watu wa Dodoma husema juu ya wazee wanaoishi peke yao. Yeye alijibu kwa kuwaita waje waone. Hawakuja.

Nataka niseme juu ya bomba. Sebuleni kwake, mahali ambapo watu hutundika picha ya harusi, palikuwa na bomba la mgongoni la kupulizia dawa, la manjano, mpira wake umekauka. Mara ya kwanza nilidhani ni takataka za mstaafu. Kumbe bomba lile ndilo alilokuja nalo kwetu. Dawa za miti kijijini aliyetuletea ni yeye. Alitufundisha kupima kwa kizibo cha soda, alitufundisha kuosha bomba korongoni, na aliwapa wakulima bora kofia. Mwenyekiti wetu alipata mojawapo ya zile kofia akiwa kijana. Kisha ofisi ikampeleka kwenye mafunzo, na huko mtafiti akamfungulia chupa kama ile aliyonifungulia mimi. Aliniambia kwamba alitoka nje akakaa mavumbini na nguo yake ya ofisi, na alipoulizwa kama anaumwa alisema ndiyo. Aliporudi alikuja na kopo la maganda yenye nyigu ndani, akalifungulia kwenye mipera yake. Hilo ndilo kopo lililokuwa chanzo cha yote.

Nilimuuliza kwa nini asilitupe lile bomba. Alisema likitoka ukutani ataanza kujiona mtu mwema.

Pamoja na ukali wake alikuwa na mambo yasiyolingana hata kidogo. Mapera hakuyala. Harufu yake ilimtia kichefuchefu, na aliyapigania maisha yake yote. Alipenda perege wakavu wa Mtera, na mchuuzi wao akipita alimkimbilia na yale mabuti mpaka tukacheka. Umri wake alidanganya, mara sitini na tano, mara sitini na mbili. Na nyigu wakubwa, hawa wanaojenga chini ya paa, aliwaogopa vibaya. Akiwaona anawasha ufagio na kuwachoma. Nilimkumbusha kwamba hao ni ndugu wa wale wake. Akasema hata yeye anao ndugu ambao hawakaribishi nyumbani.

Nzi hawakuisha. Wanaomsema husema hivyo kana kwamba wameshika siri, wakati yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema kwamba hawataisha. Lakini msimu wa pili wa jela, mapera yangu niliyapasua kumi nikapata saba safi, na miye nilikuwa nimezoea kuyapasua nikipata mawili. Nilirudi stesheni nikiyapasua mbele ya abiria kabla hawajanunua, kwa majivuno. Miaka ile ilikuwa mizuri.

Halafu ikaja treni ya umeme. Siilaumu, ni treni nzuri, lakini madirisha yake hayafunguki, na ile ya zamani ikawa inapita kwa kubahatisha. Beseni likabaki nyumbani. Kwa hiyo mnunuzi mwenye lori alipokuja kusema kwamba atachukua maembe na mapera ya kijiji kizima, tulimsikiliza kama mtume. Sharti lake lilikuwa moja. Kijiji kizima kipulize dawa siku moja, kila mti, bila kubakiza, na mwenyekiti amthibitishie.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Mvua zilikuwa zimekata mapema mwaka ule, uwele ulikauka ukiwa magotini, na kila aliyekaa pale alikuwa na ghala tupu. Bibi Shamba aliomba nafasi. Alieleza kwamba dawa itaua nzi wa wiki ile na nyigu wa miaka yote, na kwamba nzi watarudi kutoka porini kabla ya nyigu, kwa sababu nyigu hana cha kula mpaka nzi awepo. Alisema kwa ufupi, na alisema vizuri. Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Mwenyekiti, kushika bomba nilikufundisha mimi. Leo nakuomba uliweke chini."

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, na hilo pia nalisema. Alisimama, akavua kofia. "Bibi, tunakuheshimu. Lakini watu wangu hawawezi kula nyigu. Lori liko njiani."

Tukapiga kura kwa mikono. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na Bibi Shamba, bega kwa bega, kwenye benchi la darasa la tatu. Nilikuwa na binti mjamzito na debe moja la mtama. Nilinyoosha mkono. Hakunigeukia, lakini bega lake nililisikia likisogea.

Siku ya kupuliza Bibi Shamba aliwapa wanaume wenye mabomba ruhusa ya kupuliza dunia nzima isipokuwa kwake. Jela aliifunika kwa magunia mabichi na turubai juu yake. Akatoa kigoda, akakiweka katikati ya mipera yake, akajifunga ushungi puani, akakaa. Walifika wakasimama mpakani. Hakuna aliyethubutu kumpulizia mama wa watu kichwani, lakini hakuna aliyerudi nyuma pia. Walizunguka pande zote nne wakipuliza mpaka ukingoni, na upepo ukamalizia kazi. Alikohoa mpaka msimu uliofuata. Mipera yangu mitatu ilipulizwa, na mimi ndiye niliyewachotea maji ya kuchanganyia.

Lori lilikuja. Lilichukua mzigo msimu ule, na kwa haki yake lilitusaidia. Lakini huko nje nyigu walikuwa wamekwisha, na waliobaki duniani, kwa tulivyojua, walikuwa ndani ya jela peke yake. Bibi Shamba akawa haondoki pale. Msimu wa mapera ukipita aliwalisha maembe, maembe yakiisha alitafuta mapapai, ili mradi nzi wapate pa kutaga na nyigu wapate nzi.

Kisha akapata msiba Kondoa, kaka yake. Kuna watu wengi ambao angeweza kuwaachia jela. Aliniachia mimi, niliyenyoosha mkono. Alinieleza niwape nini na lini, akapanda gari akaenda kuzika.

Siku ya tatu mbuzi aliupasua wavu. Aliingiza kichwa akifuata maganda ya papai, na alipokitoa palibaki tundu la kupita ngumi. Nzi wakaanza kumwagika nje. Nilichanganyikiwa. Niliziba kwa kanga kwa muda, nikakimbia nyumbani. Binti yangu alikuwa amejifungua, na kliniki walimpa chandarua kipya kabisa, bado kimo kwenye mfuko wake. Hakuna mtu kwetu asiyejua matumizi ya chandarua. Tunafunika vitoto vya kuku nacho, tunafunika mboga, tunachujia pombe. Nilikata kipande kikubwa, nikakishona kwa sindano na uzi mweusi, mishono midogo midogo, na kwa kuwa nilitaka kumfurahisha niliizungushia jela yote, tabaka mbili. Nilipomaliza hata nzi mmoja hakutoka. Nilijisikia fundi.

Alirudi baada ya siku kumi. Sikuwa nimeona kitu kibaya, kwa kuwa nilikuwa natazama nzi, na nzi wengine walikuwepo. Yeye hakutazama nzi. Alipiga magoti na kioo chake, akatazama chini, kwenye ukingo wa ndani wa chandarua. Nyigu walikuwa wamelala pale kwa mstari, wote, kama pilipili manga iliyomwagika. Kwa tabaka mbili matundu yalikuwa madogo mno wasipite, na kila aliyegusa uzi wa chandarua alikufa.

Aliniuliza nani alinipa. Nikasema kliniki.

"Kina dawa," alisema.

"Najua kina dawa, Bibi. Ni dawa ya mbu."

Alicheka kicheko ambacho sipendi kukikumbuka. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye maganda, akaanza kuufumua uzi wangu mshono mmoja mmoja, bila kuukata. Nilisimama kando yake. Nilitaka anipige. Aliposema, alisema bila kuinua uso. "Mimi niliwaua miaka yote kwa bomba. Wewe umewaua kwa sindano. Karibu kazini, Mama Sifa."

Hiyo ndiyo sababu nimenyamaza. Kijijini walimlaumu yeye kwa nzi waliomwagika siku ile ya mbuzi, walimlaumu kwa funza wa msimu uliofuata, ambao walikuwa wengi kuliko wakati wowote niliowahi kuona, na mnunuzi alipopasua matunda ya tenga la kwanza na kugeuza lori lake, walimlaumu na kwa hilo. Mwenyekiti alimwita ofisini. Mimi nilikuwa nafahamu kila kitu na sikufungua mdomo. Yeye naye hakulitaja jina langu. Alimwambia mwenyekiti kwamba jela ni yake, wavu ni wake, na kama anataka kumfunga mtu aanze na aliyenunua dawa.

Aliwaandikia wale watafiti kuomba kopo jingine. Walijibu kwa heshima zote kwamba mradi ulikwisha. Alinisomea barua, akaikunja. "Nzi hawajaambiwa kwamba mradi umekwisha," alisema, akaitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba.

Kifua kilimzidi, na macho nayo yakaanza kuingia ukungu. Mpwa wake akaja kumchukua ampeleke Kondoa. Siku ya kuondoka aliniamuru niendelee kutia matunda mabovu jelani kila wiki. Nilimuuliza ya nini, na nyigu hawapo. Akasema nitie. Nikatia. Wavu wa zamani niliuziba kwa waya, safari hii nikapima tundu kwa tundu. Msimu mzima nilifunga nzi na kuzika nzi, na watu wakanipa jina la mrithi. Waliporudi na mabomba niliwakatalia kwa visingizio, mara naumwa, mara mti una kuku wanaotaga chini yake. Sikuwa na ushujaa wa kukataa kwa mdomo wazi.

Mwaka huu nilikuwa natembea kandokando ya reli ya zamani kwenda Gulwe, mikono mitupu, kumwona binti. Mahali panapopita kalavati, maji hukaa kidogo baada ya mvua. Palikuwa na mipera. Haikupandwa na mtu, ilikuwa imeota ovyo ovyo, myembamba, imeinama, na mbele kidogo mingine, na mbele mingine. Nilisimama katikati ya reli. Nikaikumbuka ile kona, na mapera yangu yakirushwa nje ya madirisha, moja hapa, moja kule. Mbegu zake zilikuwa zimepata maji. Na tangu siku ile hakuna bomba lililowahi kufika pale, maana nani atapulizia dawa mti usio wa mtu?

Nilivua kanga ya juu nikaokota mabovu. Niliweka funza kwenye chupa ya jamu, kwenye mchanga, nikasubiri kama nilivyofundishwa. Walitoka nzi. Nikaendelea kusubiri. Asubuhi ya Jumapili nilikuta kitu chekundu chekundu kimepanda ukingo wa chupa kinajisafisha pembe zake.

Nilifika Kondoa na chupa mbili mapajani. Walikuwa wamemweka Bibi Shamba kwenye baraza ya ndani, juu ya kitanda cha kamba. Alikuwa amepungua mpaka nikaogopa. Macho yake yalikuwa meupe. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza kwa nini naingia nyumbani kwake na harufu ya mapera.

Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilimwekea chupa mikononi. Aliizungusha. Aliipeleka sikioni. Akaniuliza kama wana mkia.

"Wanao, Bibi. Mrefu kama unywele."

"Umewatoa wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia kalavati, nilimwambia reli, nilimwambia mapera ya abiria. Vidole vyake vilitembea juu ya kifuniko. Nilikuwa nimetoboa kifuniko na kuweka kipande cha wavu wa zamani. Alikigusa, akakipima kwa ukucha, tundu kwa tundu. Ndipo akaanza kucheka, kicheko kizuri, mpaka kikohozi kikamkamata na mpwa wake akaja na maji. "Yule wa nyama," alisema alipoweza. "Yule baba wa nyama."

Nilitaka kulia nikaona afadhali niseme yote. Nilimwambia kwamba nitasimama kijijini nitangaze habari ya chandarua. Alisema hilo ni juu yangu, yeye hana shida nalo. Kilichomshughulisha ni kingine. Aliniuliza kama wanapuliza tena.

"Mwenyekiti ametangaza Jumamosi ya mwisho wa mwezi," nilisema. "Mnunuzi mwingine, lori jingine. Mimi nitatoa kigoda changu."

Alitikisa kichwa. "Mimi nilikaa, wakanizunguka. Mtu akikaa wanamwona mgonjwa. Wewe usikae. Simama mpakani, uwaambie hapana, na uwaonyeshe chupa."

Akamtuma mpwa wake avute mabuti yake chini ya kitanda anipe. Nilikataa, akaniambia nisimpotezee muda. Chupa moja alibaki nayo. Tulimzika wiki mbili baadaye, na mpwa wake aliniambia kwamba kabla ya hapo aliomba apelekwe uani akaifungua mwenyewe, kwenye mpera wa jirani ambaye hakuulizwa. Chupa yangu ya pili niliifungulia jelani, na jela sasa ina wafungwa na askari.

Jumapili iliyopita, baada ya yule mwenye suti kumaliza kusema, nilimweleza habari ya chandarua mbele ya watu, kuanzia mbuzi mpaka mshono wa mwisho. Waliguna. Mwenyekiti alikuwepo, amezeeka naye. Jumamosi ni keshokutwa. Mabuti ya Bibi Shamba yananibana vidole na kwa kutembea hayafai, lakini siku hiyo sina safari ya kwenda popote.